Mikono ya Fundi Milimita

Alikuwa na jina lake la kuzaliwa kama watu wote, lakini katika karakana ya viungo bandia hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Milimita. Mzaha huo waliuanzisha wauguzi, maana kila walipomuuliza kwa nini mguu wa mgonjwa fulani bado haujatoka, aliwajibu kwamba umezidi milimita moja mahali fulani. Mwisho wake hata wagonjwa wapya waliambiwa getini, "Zunguka nyuma ya hospitali, ulizia Milimita." Naye hakuudhika. Kusema kweli, alilivaa jina lile kama wengine wanavyovaa suti.

Karakana ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha kwanza kilikuwa cha plasta, ambacho sakafu yake ilikuwa nyeupe mwaka mzima hata ipigwe deki mara ngapi. Cha pili kilikuwa cha mashine, chenye msumeno, tanuri la kulainishia plastiki na meza ndefu iliyofungwa jiliwa nne za kubania kazi. Cha tatu kilikuwa kirefu na kitupu. Katikati kulikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, na ukutani kioo cha kumwonyesha mtu jinsi anavyotembea.

Milimita aliingia humo akiwa na miaka ishirini na mitatu. Wakati ule alikuwa kijana wa kusoma nyuso za watu ili ajue kama amefanya vizuri au ameharibu. Mwalimu wake, fundi wa zamani mwenye maneno ya kuhesabika, aliichukua kazi ya mwanafunzi, akaigeuzageuza penye mwanga, akaguna, kisha akasema, "Inapita." Neno hilo moja lilimshibisha kijana siku nzima. Asipolipata, hata chakula hakikushuka.

Ilimchukua miaka kumi na mitano kujing'oa hapo. Siku moja aligundua kwamba jinsi mwalimu alivyopima vigutu iliwaumiza wagonjwa wanene, akabuni njia yake, wakagombana, na mwalimu akastaafu kabla ya wakati akiwa na kinyongo. Tangu hapo Milimita hakuhitaji tena guno la mtu. Alikuwa na kipimo chake kichwani, kikali kuliko mwalimu yeyote. Watu walikitegemea kipimo kile, na yeye alikitegemea kuliko wote. Hata mbele ya Mungu alikwenda nacho. Alisali kila alfajiri kama mtu anayetia saini kitabu cha mahudhurio, kisha akaenda zake akiamini kwamba huko juu nako kazi yake inaonekana.

Basi akiwa na miaka hamsini na tisa, kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikaanza kutetemeka.

Mwanzoni alidhani ni baridi. Kisha akadhani ni uchovu, akalala mapema wiki nzima, kidole kisisikie. Kilitikisika chenyewe anapokuwa amekaa tu, kama mtu anayehesabu noti zisizokuwepo, na alipokishika kwa mkono wa kushoto kilitulia kidogo, kisha kikaendelea. Hakumwambia mtu. Alianza kufika kazini saa moja kabla ya wenzake ili kazi za kuchora na kukata azimalize peke yake, kiwiko kikiwa kimekandamizwa juu ya meza. Penye watu aliutia mkono mfukoni. Msaidizi wake mkuu alipomuuliza kwa nini siku hizi anatembea kama bwana harusi, alimjibu kwamba mfuko umetengenezwa ili utumike.

Msaidizi huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, fundi kamili mwenye cheti chake. Walimpa jina la Msasa kwa sababu mbili: hakuacha kitu chenye ukwaruzo kitoke mkononi mwake, na ulimi wake nao, ukiuchokoza, ulikuwa unakwangua. Milimita alimfundisha miaka tisa. Hakuwahi kumwambia neno zaidi ya "Haya," lakini akiwa nyumbani alimsifia kwa mkewe mpaka mkewe akasema anamjua yule binti kuliko majirani zake.

Mambo yaliharibika siku alipokuja Mama Mikate.

Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye tanuri lake la mikate mtaa wa nyuma ya stendi. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemnyang'anya mguu wa kulia chini kidogo ya goti. Kigutu chake alikiita "mgeni", maana, alisema, kimekuja bila taarifa na kinataka kuhudumiwa. Aliketi kwenye kiti cha chumba cha plasta, akalikunja gauni juu ya goti na kumweleza Milimita kwamba hataki mguu wa urembo, anataka mguu wa kusimamia. Kazi yake ni ya kusimama tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na unga haukandiki mtu akiwa amekaa kama malkia.

Milimita alifanya kazi hiyo mwenyewe. Alichora kwa kalamu ya zambarau mahali mifupa ilipo karibu na ngozi, akazungusha bendeji za plasta zilizolowa, akaanza kuipapasa plasta ile ishike umbo la kigutu wakati bado laini. Hapo ndipo mikono ya fundi hufanya kazi yote: dole gumba hubonyeza hapa, huachia pale. Inapoganda, basi, umbo hilo ndilo litakalotengenezewa soketi, yaani ule mfuko mgumu ambamo kigutu hukaa na kubeba uzito wote wa mtu.

Plasta ilipokuwa inaganda, mkono ukamruka. Dole gumba likateleza likabonyea juu ya mfupa wa muundi, mahali ambapo hapatakiwi kuguswa kabisa. Alijaribu kupasawazisha lakini plasta ilikwisha kushika. Mama Mikate alikuwa anasimulia habari za mkwewe, hakuona kitu.

Ilitakiwa aikate, aitupe, aanze upya. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua hilo. Lakini kuanza upya kulimaanisha kunyoosha mkono ule ule mbele ya mwanamke yule, na mlangoni Msasa alikuwa amesimama na beseni la maji, anatazama. Milimita aliivua ile plasta iliyoganda, yaani kalibu, akaandika namba, akampa.

Msasa aliipitishia kidole kwa ndani. Aliuliza kama si afadhali wachukue kipimo kingine.

"Fanya kama nilivyokupa," alisema Milimita, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake.

Msasa alifanya. Alijitahidi kupachonga pale pabaya kadiri alivyoweza kukisia, akamaliza soketi, akatia saini kwenye fomu kama sheria inavyotaka, kwamba mguu umetengenezwa na yeye.

Baada ya wiki tatu Mama Mikate alirudi kwa magongo, mguu mpya ukiwa ndani ya mfuko wa unga. Juu ya muundi alikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kwa mtu mwenye sukari kidonda cha namna hiyo si mchezo; daktari wa kitengo alikitazama, akasema kwamba kama angechelewa siku chache wangekuwa wanazungumza habari za kukata goti. Mchana huo aliwaita mafundi wote kwenye chumba cha mashine, akafungua faili na kuuliza saini hii ni ya nani.

"Ni yangu," alisema Msasa.

Wote walingoja aendelee. Ulimi ule uliozoeleka kwa kukwangua siku hiyo ulilala. Alimtazama Milimita mara moja tu, wala si kwa hasira, alimtazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kamba za viatu ili waondoke pamoja. Milimita alikuwa na mkono mfukoni. Alitazama jiliwa ya pili kutoka mwisho, akaona ina kutu.

Daktari alimwondoa Msasa kwenye kazi ya soketi mpaka uchunguzi uishe. Akapewa kazi ya stoo, kukata mikanda na kutoboa matundu.

Alfajiri iliyofuata Milimita alikaa kusali kama kawaida. Alianza maneno ya kwanza, maneno anayoyajua tangu utoto, yakakwama. Akaanza tena, yakakwama pale pale. Hakuwa na shaka kwamba Mungu yupo. Afadhali angekuwa na shaka, angepata pa kujificha. Kilichomtisha ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na kitu cha kupeleka. Miaka yote alikwenda na kazi yake mkononi kama mtoto anayempelekea mzazi daftari lenye alama za vyema. Leo mkono ulikuwa mtupu, tena unatetemeka. Alikaa hivyo hivyo mpaka kukakucha, akaondoka bila kutia saini.

Jumapili mchana mkewe alimkuta kibarazani amekaa mbele ya gazeti ambalo hakulifungua. Wanawe wawili walikuwa wamekwisha kuoa na kuhamia mbali, lakini mkewe bado alimwita Baba Watoto, kana kwamba watoto wenyewe wako uani wanacheza. Alimwekea chai mezani, akavuta kiti.

"Baba Watoto, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Utaniambia lini habari za mkono wako?"

Milimita alitaka kuuliza mkono gani. Mkewe hakumpa nafasi.

"Tangu mwezi wa tatu nakujazia kikombe nusu," alisema, "ili usimwage ukaona haya. Nimesubiri miezi minane. Nimechoka kukupimia chai kama dawa."

Milimita alikitazama kikombe. Kweli kilikuwa nusu. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokiona kimejaa, akashindwa. Yeye aliyejisifu kwamba milimita haimpiti alikuwa ameletewa nusu kikombe kila siku kwa miezi minane asione. Aliutoa mkono mfukoni akauweka juu ya meza, nao ukaanza kucheza kwenye mbao kama kifaranga. Mkewe aliufunika kwa mkono wake. Hakuukandamiza utulie, aliuacha utikisike ndani ya kiganja chake.

Ndipo akamweleza yote: kalibu, kidonda, mkutano, Msasa kule stoo. Alipomaliza alitegemea kukaripiwa, na angeshukuru. Mkewe akasema kwamba aliolewa na kijana mmoja aliyekuwa anaogopa kila mtu, baadaye akaishi na mwanamume asiyemwogopa yeyote, na wote wawili amewapenda, ila kwa kweli hakuna kati yao aliyewahi kumwomba msaada.

"Nafikiri kuna wa tatu anagonga mlango," alisema. "Mfungulie tu. Mimi nipo."

"Nitakuwa nani, Mama, bila mikono hii?"

"Hilo sijui. Lakini yule binti anakata mikanda, na hilo tunalijua wote wawili."

Jumatatu alikwenda stoo kabla ya kwenda popote. Msasa alikuwa amekaa kwenye kreti, koleo la kutobolea mkononi, mikanda imemzunguka kama nyoka waliokufa. Milimita alibaki amesimama. Alikuwa ameandaa hotuba njiani, lakini kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Kosa lile ni langu. Mkono wangu unatetemeka. Dole liliteleza, nikaona, nikanyamaza. Kwenye mkutano nikanyamaza tena."

Msasa aliendelea kutoboa tundu moja, la pili, la tatu.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mzee, nimekaa na kalibu zako miaka tisa. Alama ya dole lako naijua kama naisoma. Niliiona imekwenda upande."

"Mbona hukusema mbele ya daktari?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme." Hapo aliweka koleo chini, na Milimita akaona macho yake yamejaa. "Kosa halikuniuma. Nani hakosei? Kilichoniuma ni ile jiliwa. Uliitazama jiliwa, mzee. Hukunitazama mimi."

Milimita alisema naomba unisamehe, maneno ambayo hakukumbuka kuyatamka ndani ya jengo lile, na yalimtoka kama mtu anayeongea lugha aliyojifunza ukubwani. Msasa alifuta macho kwa mkono wa koti. Alisema atamsamehe, lakini si leo. Leo bado ana hasira, na kama atasema amesamehe atakuwa anamdanganya. Ampe wiki. Milimita akasema hata mwezi. Msasa akasema mwezi ni mwingi, atachoka kukasirika.

Kutoka hapo alikwenda kwa daktari. Huko mambo yalikwenda haraka kuliko alivyodhani. Daktari alisikiliza, akamwandikia barua ya onyo kwa mkono wake, akamrudisha Msasa kwenye meza yake siku ile ile, kisha akafunga faili na kumwomba Milimita anyooshe mikono yote miwili mbele. Aliitazama, akamwambia akunje na kukunjua vidole, atembee mpaka dirishani na kurudi. Baada ya vipimo vya wiki ile jibu lilikuja: ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaowatetemesha watu. Hauponi, lakini kuna dawa ya kupunguza dalili zake, na watu huishi nao miaka mingi. Ila kushika kalamu ya zambarau na kisu cha plasta, ndiyo basi tena.

Aliyebaki alikuwa Mama Mikate. Alikuwa amelazwa ili kidonda kisafishwe kila siku, na Milimita alimkuta amekaa kitandani anamfundisha mgonjwa wa jirani namna ya kujua kama hamira imelala. Milimita aliinama, akakitazama kidonda kwa sababu aliona ni haki akitazame. Kilikuwa kinapona, kingo zake zimeanza kuwa za waridi. Akamweleza. Mama Mikate alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo, aliambiwa baadaye, halijawahi kutokea katika ukoo wao.

Alipomaliza, mwanamke yule hakusema imekwisha wala hakusema si kitu. Alisema aliogopa sana. Wiki ile ya maumivu alidhani mwili wake wenyewe umekataa kusaidiwa, akajilaumu, akamlaumu hata marehemu mama yake kwa kumrithisha sukari.

"Nilikuwa nalala nikiwaza kwamba mimi ndiye mbovu," alisema. "Ungeniambia siku ile ile, ningekupigia kelele tukaanza upya. Kelele zangu zina ubaya gani?"

"Hazina. Niliogopa."

"Hebu lete huo mkono."

Aliupokea kwa mikono yake miwili mikubwa, akauminyaminya polepole kuanzia kifundo mpaka kwenye ncha za vidole, kama mtu anayepima donge limefika wapi. Kisha akacheka.

"Haya, mimi sina mguu, wewe huna mkono. Tukimpata na mwenye kichwa, tutakuwa mtu mmoja kamili."

Mgonjwa wa jirani aliinua kidole akasema kichwa anacho ila kinauma. Wakacheka wote watatu. Milimita alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakuisha kwa haraka, wala hakuyaficha.

Kidonda kilifunga baada ya wiki tano. Siku ya kupima upya Msasa alikuja kumwita Milimita mwenyewe. Hakusema kama ile wiki yake imekwisha. Alisema tu kwamba anachukua kipimo na angependa awepo.

Milimita aliketi kwenye kigoda pembeni, mikono juu ya magoti. Kukaa vile kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote aliyoifanya maishani. Vidole vya Msasa vilipopita juu ya muundi, vyake navyo vilisogea. Alimwelekeza mara moja, mara mbili. Mara ya tatu Msasa akamgeukia na kumwomba kwa adabu anyamaze kidogo, kwa sababu anataka kusikia kwa vidole. Kisha akafanya jambo ambalo Milimita angelikataza mwaka uliopita. Alimwomba Mama Mikate ashuke kitini, asimame kwa mguu mzima huku ameshika meza, kigutu kikining'inia, na plasta akaipapasa akiwa amepiga magoti sakafuni. Alisema huyu mtu kazi yake ni kusimama, basi nyama zake zipimwe zikiwa zimesimama.

Milimita alijua sababu nne za kwa nini njia hiyo haifai. Alizihesabu kimoyomoyo. Halafu akakumbuka yule mwalimu wa zamani alivyomtazama siku ile walipogombana, na akaelewa kwamba mwalimu naye pengine alikuwa na sababu zake nne, na zote pengine zilikuwa za kweli, na bado njia ya kijana ikawasaidia watu. Alishangaa kwamba mawazo yote mawili yanaweza kukaa ndani ya kichwa kimoja bila kupigana. Hakujua kama Msasa yuko sahihi. Kutojua huko kulikuwa na utulivu wake, kama kiti ambacho amekipita miaka yote bila kukikalia.

"Mzee, unasemaje?" Msasa aliuliza alipoivua kalibu.

"Sijui," alisema Milimita. "Tungoje mguu utuambie."

Msasa alimtazama, safari hii akatabasamu. Mguu ulisema baada ya mwezi. Soketi ilibana kidogo nyuma ya goti, ikarekebishwa mara mbili, na mara ya tatu Mama Mikate akasimama nayo saa nne mfululizo mbele ya tanuri lake. Alituma mikate kumi na miwili karakana, pamoja na ujumbe kwamba mgeni sasa amekuwa mwenyeji.

Uongozi ulikuwa tayari kumpa Milimita mapumziko ya ugonjwa mpaka umri wa kustaafu ufike. Aliomba apewe chumba cha tatu badala yake, chumba ambacho miaka yote alikipita mbio, kwa sababu humo watu hulia na yeye hakuwa na chombo cha kupimia machozi. Daktari alimuuliza atafanya kazi gani humo, maana mtu wa mazoezi yupo. Milimita akasema atakaa.

Na kweli alikaa. Kwenye benchi chini ya dirisha walikuwa wanaletwa watu waliokatwa viungo wiki chache zilizopita, wengi wao hawajathubutu hata kujitazama. Alijifunza kutowaambia kwamba mambo yatakuwa mazuri. Alijifunza kwamba mtu asiyekubali muuguzi amguse kigutu, akiona mkono wa mzee unaotikisika unamkaribia na kuomba ruhusa, humwachia. Alfajiri nazo zilibadilika. Siku nyingine maneno ya sala yalirudi, siku nyingine hayakurudi, naye alikaa tu gizani kama anavyokaa mtu na rafiki wa siku nyingi, bila kuleta kitu, bila kuhesabu kilichopokelewa. Mkewe alizoea kuja kukaa naye. Jua lilipochomoza mmoja wao alikwenda kuwasha jiko.

Mwezi wa sita waliletewa dereva wa lori, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mabega kama mlango, mguu mmoja umekatwa juu ya goti. Tangu upasuaji alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana. Alikaa kwenye benchi siku ya kwanza akitazama ukuta. Milimita alikaa kando yake, wakautazama ukuta wote wawili. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Mtu wa mazoezi alianza kumtazama Milimita kwa jicho la kuuliza kama huu ndio mshahara wanaomlipa.

Siku ya tatu, katikati ya asubuhi, dereva aliugeuza uso wake polepole.

"Huo mkono wako," alisema kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika, "unauma?"

"Hauumi. Ila haunisikilizi."

Dereva aliutazama tena mkono ule.

"Wangu unauma," alisema, "na haupo."

"Unauma wapi?"

Dereva alinyoosha kidole chini, hewani, mahali ambapo ungekuwa unyayo. Milimita alishuka kwenye benchi taratibu, akapiga magoti kwenye sakafu, akauweka mkono wake pale pale alipoonyeshwa, juu ya simenti tupu.

"Hapa?"

"Sogea kidogo," alisema dereva, na midomo ikaanza kumtetemeka. "Kushoto. Hapo. Hapo hapo."

Milimita aliuacha mkono hapo mpaka yule mwanamume alipomaliza kulia.